Mayai Yalikuwa Mazima

Mbinga, Ruvuma,
Msimu wa kuchuma kahawa.

Mume wangu Shabani,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, kifua kimeacha kukubana na vumbi la Kondoa limekuhurumia mwaka huu. Mama hajambo? Goti lake linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Na yule mbuzi aliyekuwa akilala upande mmoja tu, alizaa au mlimwahi kwa kisu? Mimi mwili wangu ni mzima. Habari za moyo zinakuja huko mbele, usiwe na haraka.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo na vocha inapatikana. Lakini simu yako, mume wangu, siku hizi haina siri. Nikipiga unaiweka spika, na kabla sijamaliza kuuliza umeamkaje namsikia mama akikohoa, wifi Mwanaidi akicheka, na jirani anadakia kuuliza mahindi ya Ruvuma bei gani. Yapo maneno ambayo si ya spika. Nimeyaandika, nimefunga bahasha kwa gundi, na nimempa mwalimu mmoja wa huko kwetu anayekuja likizo akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Sijasahau ile siku mama alipoichukua simu mkononi mwako. Aliniambia kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu anayenipa zawadi: "Zaituni mwanangu, tumempatia Shabani msaidizi wako. Binti wa pale kijijini Pahi, mcha Mungu, amemaliza shule juzijuzi. Wewe huachwi. Utamsaidia mwenzio kulea." Akasema posa itapelekwa baada ya mavuno ya alizeti. Wewe ulikuwa pale pale. Nilikusikia ukipumua. Hukusema neno, na mimi nikasema "Sawa, mama," kwa sababu hilo ndilo nililofundishwa kusema.

Basi leo nasema lililobaki. Kuna jambo moja nataka ulifanye kabla hiyo posa haijatoka nyumbani. Nikilitaja hapa juu utaikunja barua uitie mfukoni, nakujua. Kwa hiyo nivumilie kidogo, kwanza nikueleze habari za samaki.

Huku ninaendelea kuishi kwa Mzee Ndunguru, mwenyekiti wa kile kikundi cha wafugaji wa samaki ambacho ofisi ilinipangia kukisimamia. Chumba ni kizuri, ila baridi ya milima hii haina adabu, inaingia hadi ndani ya blanketi. Mkewe, Mama Leokadia, ni Mkatoliki wa kweli, rozari haimtoki mkononi, lakini Ramadhani iliyopita alikuwa anawahi kuniandalia uji wa kufuturu kuliko mimi mwenyewe. Nimemfundisha kupika mlenda wa kwetu. Anaula kwa heshima tu, naona anavyoumeza akifumba macho.

Jambo moja tu lilinisumbua nilipofika. Huku mtu mzima haitwi kwa jina lake. Kila mwanamke aliyenisalimia aliniuliza, "Wewe ni Mama nani?" Nikawa najibu, mimi ni Zaituni. Wananiangalia, wanangoja nimalizie. Siku hizi wananiita Mama Samaki, na wote tunacheka, na mimi nacheka nao.

Hicho kikundi ni cha wakulima wa kahawa waliochimba mabwawa huko mabondeni, chini ya mashamba yao ya ngoro, yale ya mashimo yanayozuia maji mlimani. Wana kituo kidogo cha kutotolesha vifaranga vya kambale, nyumba ya matofali yenye matangi na trei. Wateja wanatoka hadi ziwani kwenyewe, Ngumbo, Kihagara, Liuli. Utasema mtu wa ziwani ananunuaje samaki mlimani. Usipa, yaani dagaa wao, umeadimika, wale samaki wakubwa wanaowaita mbasa ndiyo usiseme, na nyavu zinarudi na maji. Kwa hiyo nao wanachimba mabwawa nyuma ya nyumba na kupandisha huku kutafuta mbegu.

Kambale tunaowafuga hawazai wenyewe bwawani, lazima wasaidiwe. Jike anachomwa sindano ya kuivisha mayai, kesho yake tunamshika watu wawili, tunamkamua tumbo pole pole, na mayai yanateremka kwenye bakuli kama uwele uliolowekwa. Dume hakamuliki. Dume anachinjwa, anapasuliwa, zinatolewa korodani zake, zinakatwakatwa na kuminywa juu ya yale mayai, halafu tunakoroga kwa unyoya wa kuku. Ndipo tunatia maji. Bakuli lazima liwe kavu kabisa tangu mwanzo, kwa sababu mbegu ya dume ikiguswa na maji inaamka na kuanza kukimbia, na uhai wake kuanzia hapo haufiki hata muda wa kumaliza kusoma Alhamdu. Isipolikuta yai ndani ya muda huo, imekwisha.

Msimu huu kazi iligoma. Tunakamua, tunachanganya, tunatandaza mayai kwenye trei, na kesho yake yanakuwa meupe kama chokaa, yameota ukungu. Yai la kambale lililo hai huwa na rangi ya kijani kama maji ya mchicha, na ukiinama unaona kitu kinachezacheza ndani. Yetu yalikuwa yanakufa karibu yote. Machache yaliyoanguliwa yalitoa vifaranga vyenye mkia uliopinda, vinaogelea kwa kuzunguka mahali pamoja, hata kula haviwezi.

Kwanza tukasingizia baridi. Tukaingiza majiko ya mkaa kwenye chumba cha matangi mpaka tukatoka machozi. Haikusaidia. Hapo Mzee Ndunguru akaitisha kikao na kutoa hukumu.

"Afisa, hawa mama wamechoka," aliniambia. "Jike asiyezaa ni wa mchuzi."

Nikamwambia, "Mzee, tumbo limejaa, mayai yanatoka vizuri, rangi ni nzuri. Tumejuaje kwamba kosa ni lao?"

"Sasa mayai ni ya nani? Si ya kwao?" Wanakikundi wakacheka. "Mti usiozaa tunakata, mwanangu. Hata kwenye kahawa ni hivyo hivyo."

Nilikuwa na kipimo gani cha kumbishia? Sikuwa nacho. Wakaanza kuchinja majike. Kila tukishindwa, anachinjwa mama mwingine. Alikuwepo mmoja mwenye kovu mdomoni, mkubwa, mpole, ukimshika anatulia kama anayejua unachofanya. Nilimsimamia tangu nilipofika. Siku alipopasuliwa, tumbo lake lilijaa mayai mazima, yanang'aa. Mwanamke mmoja akayakamata kiganjani akasema, "Tazama, mzigo wote huu na gumba!" Wakacheka tena. Mchuzi ukapikwa na nyanya na bizari, nikapewa kipande cha mgongo, heshima ya afisa.

Shabani, sikuweza kula. Nilikaa na ile sahani mapajani, na machozi yakaanza kutoka mbele za watu, nikasingizia moshi. Mama Leokadia aliniona. Alikuja akanichukulia sahani, akamwita mtu mwingine ale.

Baadaye, tukiwa tunaanika kahawa uwanjani, akaniuliza kwa upole, "Mama Samaki, unalia kambale au unalia jambo jingine?"

Nikamwambia yote. Binti wa Pahi, alizeti, ile mimba yetu moja iliyotoka kabla haijaonekana, na mama aliyesema imetoka kwa sababu nilipanda bodaboda. Alisikiliza huku mikono yake inatawanya kahawa. Kisha akasema, "Na mume wako, yeye amepimwa?" Nikasema mambo hayo kwetu hayazungumzwi. Akasema, "Hata kwetu hayazungumzwi. Lakini mficha uchi hazai, mwanangu."

Haikupita muda akaja mama mmoja wa Kihagara, mjane, aliyenunua vifaranga vyetu mwanzoni mwa msimu. Alipanda gari na ndoo mkononi imefunikwa kwa kanga. Hakutaka kukaa, hakutaka chai. Aliiweka ndoo mbele ya Mzee Ndunguru akafunua.

"Baba, shikamoo. Nimekurudishia watoto wako."

Ndani mlikuwa na samaki wadogo kama vidole, wembamba, migongo imepinda. Kwa umri wao walipaswa kuwa wakubwa kama kiganja.

"Mama, labda chakula," Mzee akaanza.

"Nimevilisha pumba na dagaa kuliko nilivyojilisha mimi. Bwawa nimelichimba na wanangu kwa jembe. Vingi vimekufa, hivi vilivyobaki havikui. Mlinipa mbegu gani nyie?"

Mzee akairudisha kanga juu ya ndoo. Nilijisikia vibaya, maana ni mimi niliyemhesabia vile vifaranga na kumtakia heri. Nikamwahidi kwamba nitamfikishia vingine mwenyewe, hata kama sikujua vitatoka wapi.

Ndipo nikaandika ofisini kuomba mtaalamu, na akapatikana kijana mmoja aliyekuwa na kazi Songea. Alikuja na hadubini kwenye begi. Hakutaka hata kuwaona majike. Alisema, "Nionyesheni madume mnayochinja."

Tukamwonyesha. Kijana akashangaa. Walikuwa wamekonda, wengine wazee, wengine wana vidonda mkiani. Akauliza, "Mbona kwenye lile bwawa la juu nimeona madume makubwa yanaruka?"

Mzee Ndunguru akamjibu kwa fahari, "Wale ni wa wageni."

Na hiyo, mume wangu, ndiyo desturi ya huku. Mgeni wa heshima, akiwa padre, mkwe au mdhamini wa kipaimara, huonyeshwa kitoweo chake kikiwa hai, kama kwetu anavyoonyeshwa kuku. Kambale dume aliyenenepa anatolewa bwawani, anapelekwa kwenye beseni, mgeni anamwona, anashukuru, ndipo anakwenda jikoni. Aliyepasuliwa huwezi kumwonyesha mgeni. Kwa hiyo madume bora walikuwa wanawekwa kwa sherehe na wateja wakubwa, na kwa kuwa dume wa mbegu lazima afe, walikuwa wanaona hasara kumtoa aliye mzuri. Wanamchinja yule ambaye hata sokoni hanunuliki. Tena mmoja wanamminyia majike wengi, kidogo kidogo, kama mtu anayegawa chumvi. Majike ndio waliochaguliwa kwa makini, wakalishwa vizuri, wakapimwa tumbo. Dume hakuna aliyemkagua. Dume ni dume.

Na hawa ni watu ambao mbegu ya mahindi wanachagua gunzi lililojaa kuliko yote, wanalitundika juu ya moshi wa jiko, mtoto akiligusa anachapwa.

Kijana akachukua tone la dume aliyekonda, akaliweka chini ya hadubini, akanikaribisha. Niliona vitu vichache vinatikisika. Vingi vilikuwa vimelala. Vingine vinazunguka mahali pamoja, havijui viendako. Kisha akaniomba dume mmoja wa bwawa la juu. Hapo ndipo kelele zilipoanza, kwa sababu aliyekuwa karibu na ukingo ndiye aliyewekwa kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wa Mzee Ndunguru. Mzee alikataa kata kata. Alisema atakuwa ameaibika mbele ya mdhamini.

Mama Leokadia akasema kutoka mlangoni, "Mgeni atakula nyama, hatakula kwa macho. Mtoeni."

Alichinjwa. Nilipoinama kwenye ile hadubini, Shabani, nilirudi nyuma. Kulikuwa na msongamano kama mnada wa Kondoa siku ya Idi, kila kimoja kinakwenda mbele. Nikamwita Mzee aangalie. Aliangalia kwa muda, akavua kofia, akaangalia tena.

Kisha kijana akafanya jambo ambalo silitoi akilini. Alimkamua jike mmoja tu, mayai yake akayagawa kwenye mabakuli mawili. Mama yule yule, siku ile ile, maji yale yale. Bakuli moja akaliminyia dume aliyekonda, jingine dume wa kipaimara. Tukatandaza trei mbili kando kwa kando, na kila mtu akaenda kwake.

Tuliporudi, trei ya kwanza ilikuwa nyeupe. Ya pili ilikuwa ya kijani, inacheza. Siku zilizofuata ya pili ikajaa vifaranga vilivyonyooka, na ya kwanza ikatoa vichache vya mikia iliyopinda. Yule kijana alisema mbegu dhaifu mara nyingine hulifikia yai, lakini kinachoanza nayo hakina nguvu ya kufika mbali.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Yule mwanamke aliyesema "gumba" alikaa kwenye ukingo wa tangi. Mzee Ndunguru alizunguka chumba kizima, akasimama mbele ya tangi tupu la majike, akasema, "Tumewala bure." Halafu akatoka nje, na hakurudi mpaka jioni. Mjukuu wake alipata kipaimara, na mdhamini alikula vizuri tu.

Mimi nilishika ile trei ya kijani. Mayai yalikuwa mazima wakati wote. Yalikuwa mazima na tukawala mama zao.

Sasa utasema, Zaituni, mtu si samaki. Ni kweli, mtu si samaki, na mimi sikutaka kukuandikia kwa sababu ya kambale peke yake. Nilipopeleka vifaranga vipya kwa yule mama wa Kihagara, nikaendelea mbele hadi hospitali ya huko ziwani. Nilirudi tena mara ya pili wakamaliza vipimo. Daktari ni mama mtu mzima, anavaa miwani kwenye kamba. Alisema kwa vipimo walivyo navyo, mimi sina tatizo. Mirija iko wazi, mayai yanapevuka. Akaniuliza, "Umekuja peke yako?"

Nikasema mume wangu yuko Kondoa.

"Wengi huja peke yao," alisema. "Basi nusu ya vipimo imebaki Kondoa."

Akaniuliza kama uliwahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa ujanani. Nikakumbuka ile hadithi mama anayoipenda, jinsi ulivyopata matubwitubwi ukiwa umeshabalehe, mashavu yakavimba, kisha uvimbe ukashuka chini, ukashindwa kutembea, yeye akakubeba mgongoni kwenda zahanati na wewe ni mkubwa kuliko yeye. Mama huisimulia ili tujue alivyoteseka kwa ajili yako, na ni kweli aliteseka. Nikamsimulia daktari kama ninavyoisikia kwa mama. Hakucheka. Aliandika kitu, akasema, "Mwambie aje apimwe, au apimwe huko huko. Mengine yana dawa." Nilipomuuliza kuhusu ile mimba iliyotoka, alisema huwezi kujua kwa hakika, lakini bodaboda haihusiki.

Shabani, nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka mhudumu akaniletea maji. Sikulia kwa furaha. Nililia kwa vile vikombe vyote vya mizizi nilivyokunywa, na kule kwa mganga nilikopelekwa nikachanjwa, na shughuli zote za arobaini ambako walikuwa wananinyima kumpakata mtoto wa mtu. Nililia na kwa ajili yako pia, usidhani sivyo. Nilikuona ukiwa kitandani umevimba, kijana wa watu, hujui lolote.

Basi jambo lenyewe ni hili. Nenda ukapime. Nenda Dodoma kama Kondoa unaogopa kukutana na watu wa msikitini. Watakupa kikopo na faragha, hakuna zaidi. Dume la kambale lazima lichinjwe ndipo lipimwe, wewe utarudi nyumbani kwa miguu yako na chapati utakula.

Najua unachoogopa. Unaogopa mama, na unaogopa wale wenzako wa kijiweni wanaotaniana kuhusu wanaume wasio na watoto, na wewe mwenyewe unacheka nao kwa sauti kuliko wote. Mimi sitamwambia mtu. Kama majibu ni mabaya, yatakuwa yetu wawili. Kama utataka mama aendelee kuamini kwamba mgumba ni mimi, nitanyamaza, nimeshazoea, nitaendelea kunywa mizizi yake ili alale salama. Sitakuacha. Niliolewa nawe kabla sijajua kama utazaa, na ulinichekesha sana kabla hata ya nikah, hilo halina kipimo chake hospitali.

Wala sikatai ruhusa uliyopewa na dini. Ukipimwa ukaonekana mzima, nami nikabaki hivi hivi bila sababu, oa. Nitakuja likizo, nitavaa nguo nzuri, nitapika pilau ya harusi kwa mikono yangu na nitalia jikoni kwa kisingizio cha kitunguu. Lakini ukioa bila kupima, hapo mimi na wewe tutakuwa tumefika mwisho, na sitangoja unitumie talaka, nitaifuata kwa kadhi mwenyewe. Sisemi kwa hasira. Nimeifikiria wakati naosha trei, wakati naanika kahawa, wakati wa sala. Wivu ninao, mimi ni binadamu, ila siyo wivu unaoniandikisha hivi. Siwezi kusimama nikaangalia tena mama mzima akiwekwa kwenye tangi, akihesabiwa misimu, na watu wakinoa kisu.

Nijibu kwa maandishi. Usinipigie mbele za watu.

Nifikishie shikamoo kwa mama, mwambie nampelekea kahawa ya huku na dawa ya goti, na sina kinyongo naye, anamtafuta mjukuu kama mama yeyote. Wifi Mwanaidi mwambie kitenge chake nimekipata. Kaka yangu Juma umsalimie, asiuze lile shamba la alizeti kabla hatujaongea. Jirani yetu fundi cherehani naye msalimie, yeye na yule mtoto wake mdogo aliyekuwa ananiita shangazi bila kufundishwa.

Salamu za mwisho ni za huyo binti wa Pahi. Hamkuniambia jina lake. Ukishapima, mwonyeshe majibu kabla ya mahari kwenda kwao, uamuzi uwe wake na yeye. Usipopima, basi mpe barua hii, aisome yeye.

Mkeo,
Zaituni